Kwa Nini Josué Alinyimwa Nyumba

Miezi michache baada ya Vita ya Siku Sita ya mwaka 2000, wakati Kisangani bado inatafuta mabati ya kuziba mapaa, ubao wa kukalia wa Binti, pale kwenye kona ya mtaa wa Tshopo, ulikuwa na wenyewe. Binti, mama wa Maniema, aliuza kahawa ya tangawizi na mikate ya mafuta. Avocat hakuwa wakili hata siku moja. Alikuwa akiwafungulia mawakili mlango mahakamani, na sheria aliyoijua aliiokota hapo mlangoni. Météo alitabiri mvua kila asubuhi, na kwa mji ule mara nyingi alipatia. Mwisho wa ubao, karibu na nguzo, palikuwa mahali pa Papa Arthur aliyekufa vitani. Pakakaa wazi bila mtu kuamuru, mpaka Josué, fundi wa redio kutoka Butembo, alipokuja akaketi hapo bila kujua, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwondoa.

Siku hiyo Josué hakuigusa kahawa yake. Asubuhi komisionea, yule anayewatafutia watu nyumba, alimletea jibu la Mama Hélène, mjane wa Papa Arthur: amekataa kumpangisha. Sababu? Hakusema. Josué alikuwa na garantie, ile fedha ya dhamana, mkononi na watu wa kumsifu parokiani, na bado amekataliwa.

Nyumba yenyewe aliihitaji vibaya. Mke wake Kahambu alikuwa Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa shangazi yake, na mimba ilikuwa imefika mwezi wake. Maternité, hospitali ya kuzalia, iko upande huu. Giza likiingia askari hawaruhusu pirogue, mtumbwi wowote, kuvuka, na Josué kila usiku alilala akiwaza uchungu ukimshika Kahambu usiku, atafanya nini. Hofu hiyo ilikuwa imemkondesha.

Avocat ndiye aliyeifungua kesi. Alisema jambo liko wazi: watu wa Butembo hupanga chumba kimoja leo, kesho wameweka duka la chumvi barazani, keshokutwa barabara nzima ni yao. Josué akajitetea kwamba yeye hana duka, ana tournevis tu, bisibisi ya kufungulia redio.

— Bote banaanzaka na tournevis, Avocat akasema.

Météo hakukubali. Kwake kosa lilikuwa redio. Katika mji ambao majeshi mawili yamepigania kila kona, nani atamweka nyumbani mtu anayelala na nyaya? Hawa watasema ni phonie, redio ya kupashana habari za kijeshi, ya wale, wale watasema ni phonie ya hawa, na mwenye nyumba ndiye atakayelala cachot, mahabusu. Binti, akikoroga kahawa, aliwaambia wote wawili hawajui wanawake. Yeye amemwona Kahambu sokoni. Tumbo lile ni la mapacha. Mapacha ni ngoma, na ngoma ni wageni kukanyaga bustani ya mama wa watu. Hapo Avocat, asiyependa kupitwa, akagundua kwamba Mama Hélène anawangojea watu wa Monuc, wale wa Umoja wa Mataifa, ambao watapanga Tshopo yote, pamoja na ubao huu.

Jina la Arthur halikutajwa, ijapokuwa nyumba ilikuwa yake.

Mwisho Binti alimtaka Josué aeleze alivyoingia pale, hatua kwa hatua. Josué akaeleza. Alisalimu. Akausifu mlango. Akatazama paa, limezibwa vizuri. Kisha akalala chini kwenye couloir, ule ujia wa ndani ya nyumba, na Mama Hélène akamwambia aamke, akamwambia tena, naye akadhani mama anahurumia shati lake jeupe.

Kulala huko hakukumshangaza yeyote. Tangu vita, hakuna baba wa familia mjini aliyepanga nyumba bila kulala kwenye couloir yake. Ndipo watu walipojificha mabomu yalipoanguka, katikati, kuta huku na huku. Kwa hiyo ukienda kutazama nyumba unajilaza, unanyoosha miguu, unapima: mke hapa, watoto pale. Avocat alisema huo ndio utu uzima, na hoja ikapita.

Wakati huo Florentine, jirani wa Mama Hélène, alikuwa amefika na kopo kuomba moto. Binti akawa anamchagulia makaa. Florentine alisikiliza kidogo, kisha akamgeukia Josué.

— Papa, mu couloir ya Mama Hélène, ulilala?

— Nililala. Bantu bote banalalaka.

— Kichwa upande gani?

— Upande ya mulango ya nyuma.

Florentine akaliweka kopo chini.

— Pale pale njo Papa Arthur alikufia. Obus ilipita mu paa. Mama alikuwa pembeni yake, mukono juu ya mugongo yake. Alimuambia amuka, amuka. Hakuamuka.

Josué alisikia aibu ikimpanda usoni, na nyuma ya aibu, huzuni. Sasa aliisikia upya ile sauti ya Mama Hélène. Haikuwa ya mtu anayehurumia shati.

— Hatukujua, Avocat akasema polepole.

Florentine hakuwa na nia ya kumchoma mtu. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza njia.

— Na matanga yake, mulikala wapi?

Hawakuwa wamekaa popote. Siku zile huwezi kuvuka barabara. Watu walizikwa uani, haraka, na waliokuwepo. Baadaye kila mmoja alikuwa na wake wa kulia. Avocat alikuwa na dada, Binti alikuwa na mtoto. Halafu miezi ikapita, na kwenda kutoa pole kwa kuchelewa hivyo kukawatia haya, wakaanza kuikwepa njia ya Mama Hélène. Walikuwa wamemwacha rafiki yao bila matanga, na walijua. Météo aliinamia kikombe chake.

Josué ndiye aliyesimama kwanza.

— Miye sikumujua, akasema. Lakini nafasi yake njo ninaikalia.

Akaushika ubao upande wa nguzo. Avocat akashika upande wa pili. Matanga ni kukaa, na huwezi kukaa bila kiti. Binti akabeba birika, Météo vikombe, wakaifuata ile njia.

Mama Hélène alifungua, akautazama ubao kabla ya kuwatazama wao. Mmoja mmoja walimpa mkono na kumpa pole, kama vile msiba umetokea jana. Avocat alianza Kifaransa chake cha mahakamani, kikamkwama, akalia. Mama naye akalia, kisha akaketi mwisho wa ubao, mahali pa mume wake. Walikaa mchana kutwa wakimzungumza Arthur, ubishi wake na kahawa yake isiyo na sukari. Nyumba hakuna aliyeitaja. Josué alikwisha kuikatia tamaa, ingawa moyo ulimuuma kila alipotazama jua likishuka.

Alipoaga ili awahi pirogue, Mama Hélène alimzuia.

— Bibi yako iko na miezi ngapi?

— Ni mwezi wake huu, mama.

— Basi mulete kesho. Mutakaa vyumba ya mbele. Ila mu couloir, hapana. Mutu hatalala tena pale.

Josué alishukuru kwa mikono miwili. Furaha ilimjaa kweli. Lakini alikuwa karibu kuwa baba, na swali lilimtoka kabla hajalizuia.

— Na vita ikirudia, mama, tutalala wapi?

Mama Hélène alimtazama Avocat, Avocat akamtazama Météo. Binti akainua birika awamiminie tena, akalitikisa, akalirudisha chini. Kahawa ilikuwa imekwisha.