Kamba ya Papa Mulumeoderhwa

Asubuhi moja ya mvua, mtaani Ndosho, muzee asiyejulikana alisimama mlangoni kwa Bénita, mshonaji wa nguo. Alikumbatia kitu kilichofungwa kwa kitenge.

"Hodi. Niko natafuta Papa Mulumeoderhwa, ule anatengenezaka lulanga."

"Papa alishakufa, muzee," Bénita alijibu, mguu ungali kwenye cherehani.

Mgeni alivua kofia. Akakaa bila kukaribishwa. "Basi utatengeneza we."

"Mi? Mi nashonaka nguo ya masomo tu!"

"Hiyo mikono ni ya papa yako. Niko naiona."

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bénita Mulumeoderhwa, fundi wa lulanga, tuliyemzika Jumamosi hapa Goma. Fundi wa lulanga, nasema. Lakini asubuhi ile alikuwa hajui lolote. Ndiyo maana tunaanzia hapo.

Lulanga, kwa wasioijua, ni ala ya muziki: ubao mrefu uliochimbwa kama sinia, na ukiutazama unaona kama nyuzi zimelala juu yake. Mgeni yule, Muzee Baharanyi, alikuwa amekimbia vita na kufikia kambi ya Kanyaruchinya. Ubao wake ulikuwa umepasuka njiani. Mjukuu wake, Daniella, alikuwa anaolewa, na katika ukoo wao bibi arusi havuki kizingiti kabla lulanga haijalia.

"Italia, muzee," Bénita aliahidi. "Siku ya ndoa italia. Nimesema."

Ufa aliuweza. Aliujaza gundi na unga wa mbao, akaubana kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Akauanika kivulini, maana alikumbuka jinsi Papa, baba yake, alivyowagombeza walioanika lulanga juani.

Tatizo ni kwamba kabla ya gundi alitaka kuondoa nyuzi. Zilikuwa zimekaza. Akachukua mkasi wa kazi yake, akazikata zote. Alifikiri ni kama gitaa, kila uzi na fundo lake.

Wasikilizaji wapendwa, lulanga haina nyuzi nyingi. Ina kamba moja. Kamba moja tu, inayokwenda na kurudi kwenye meno ya ubao. Ukiikata mahali pamoja, umeikata yote.

Alijaribu kuunga. Mafundo yakateleza. Alijaribu nailoni, na mdogo wake Josias akamcheka dada yake: "Yaya, hiyo inalia sawa mbu!" Kamba ya kweli husokotwa kwa mishipa ya ng'ombe, na msokotaji, Papa, alikuwa kaburini.

Nyumbani ilibaki kamba moja nzima. Ilikuwa ukutani, kwenye lulanga ya Papa mwenyewe. Kila jioni, kabla ya kuwasha mbabula, jiko lake la makaa, Bénita aliigusa mara moja tu, isikike. Hiyo ndiyo sauti ya Papa iliyobaki.

"Usiiguse, Yaya," Josias alisema, safari hii bila kucheka. "Ambia muzee ukweli. Atakusamehe."

"Mi najua atanisamehe. Na Daniella atatoka na nini?"

Akaishusha. Akaifungua bila mkasi, jino baada ya jino, akaihamishia kwenye ubao wa muzee.

Tangu hapo alijifunza. Alikwenda machinjioni kuomba mishipa, wachinjaji wakamwita Mama Mishipa, naye akaitika. Alisokota, ikakatika, akasokota tena. Mwishowe watu walimletea lulanga kutoka Kibumba, kutoka Bukavu, na zote zilirudi makwao zikilia. Ila ile ya Papa hakuifunga kamba nyingine. Ukimuuliza, alisema: "Kamba yake iko kazini."

Kwako Josias, na kwa familia nzima, poleni sana. Mlie, lakini mtembee vichwa juu. Na sisi tunaosikiliza, hasa vijana wenzangu, tujiulize: tumeahidi nini, na tuko tayari kushusha nini ukutani?

Najua mnasubiri habari ya ndoa. Bénita alipanda Kanyaruchinya mwenyewe, lulanga mgongoni, akasema yote: mkasi, mafundo, ukuta. Muzee Baharanyi alipitisha kidole juu ya kamba.

"Huu ni mukono wa Mulumeoderhwa."

"Ndiyo, muzee."

"Na kwenu kumebaki nini?"

"Piga, muzee. Mutoto anangoja."

Kizingiti kilikuwa kipande cha ubao mbele ya hema. Muzee akapiga. Daniella akakivuka.