Hajati Safinah, Aliyeuliza Kwanza Nani Ametutoka

Hajati Safinah Yasiin anastaafu leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia Studio Mwangwi ya Kyebando kwa miaka ishirini na tisa, miezi mitatu na siku ishirini na saba. Nimehesabu mwenyewe, kwa sababu barua ya ofisi ilisema "takriban miaka thelathini", na Hajati hajawahi kuimba takriban.

Wengi wenu mnaijua sauti yake ila hamjui kuwa ni yake. Ukimsikia mwimbaji anaita, halafu nyuma yake sauti ya mama inaitikia kana kwamba inatoka jikoni kwenu, huyo ni yeye. Ameitikia matangazo ya sabuni, kampeni za chanjo, bendi zilizovunjika kabla kanda hazijatoka, na kwaya kumi na nne za makanisa. Pasta mmoja alipogundua kwamba "haleluya" tamu kuliko zote kwenye kanda yake imetoka kwa mama wa Kinubi aliyekuwa amefunga Ramadhani, alimwomba arudie na ubeti wa tatu.

Nimepekua karatasi za kazi za miaka yote. Kazi zenye sauti yake ni 6,240. Lugha alizoimba ni kumi na moja. Anazozungumza ni tano. Siku alizokosa kwa sababu ya mwili wake ni kumi na moja, na tano kati ya hizo zilikuwa za kumzaa binti yake Sumayiya. Siku ya sita alikuwa ndani ya chumba cha kurekodia, mtoto mgongoni. Studio haikuwa na likizo ya uzazi wakati ule. Bado haina, na ninaliandika hili makusudi.

Lakini kazi iliyompa jina ni nyimbo za majina. Kampala hii familia haipeleki binti wala haipokei bwana harusi bila wimbo wa kuwaita wakubwa mmoja mmoja, wainuke, wachezewe. Familia huleta orodha. Sisi wengine tuliona orodha ni orodha. Hajati aliishika ile karatasi, akachukua simu, na kabla hajafungua mdomo kuimba aliuliza maswali mawili. La kwanza: "Tangu muandike, nani ametutoka?" La pili: "Na nani hasalimiani na nani?" Kwa swali la pili aliwahi kutenganisha masenga wawili, mashangazi wa bibi harusi, kwa beti tatu na kipande kirefu cha kinanda, na harusi ikaisha bila ngumi.

Simu hizo zilichukua wastani wa dakika arobaini kwa kila wimbo. Mimi, Wangila, niliyeingia hapa mwaka 2004 kubeba nyaya na kujifunza meza ya sauti kwa kuchungulia, nililalamika miaka mingi kuhusu dakika hizo. Malalamiko yangu yako kwenye kumbukumbu za vikao. Nilisema ni uzembe wa mpangilio.

Novemba 2023 tukaleta mashine, hii akili mnemba inayotunga, inayopiga ala zote na kuimba yenyewe. Sitaitukana, naiendesha mimi. Unaiandikia maneno, na baada ya sekunde thelathini na nane una wimbo wenye kinanda, ngoma na wanawake sita ambao hawajawahi kuzaliwa. Kwa tangazo la sabuni inatosha. Mwezi kabla haijaja, Hajati aliitwa kwenye kazi ishirini na mbili. Mwezi uliopita studio ilifanya kazi thelathini na moja, na yeye akaitwa kwenye mbili. Alikuja kila siku hata hivyo, akaketi kwenye benchi la nje na mlinzi wetu Okwera, akimtania kwamba sasa wote wawili wanalinda geti.

Mwezi wa pili mwaka huu, Mzee Odoch wa Ntinda alikuwa anampeleka binti yake. Orodha ilifika Desemba. Niliiingiza kwenye mashine mimi, kama ilivyokuwa. Wimbo ulitoka safi kabisa, nikautuma, nikajisifu kwa muda niliookoa. Siku ya sherehe, mbele ya watu wote, spika zikaita kwa sauti ya asali: "Senga Moreen, simama tukuone!" Senga Moreen ndiye aliyemlea bibi harusi. Alikuwa amezikwa wiki tano kabla. Watu wakageuka kukitazama kiti kilichowekwa hapo kwa heshima yake. Binti akaanguka kwa kilio.

Mzee Odoch alinipigia. "Wangila, wewe naita mtu amekufa acheze?" Nikaanza kumweleza kuhusu orodha ya Desemba.

Hajati alinisikia nikibabaika na jina la Moreen. Alipanda boda hadi Ntinda, akaingia bila kipaza sauti wala kinanda, akapiga magoti mbele ya bibi harusi na kuanza kupiga makofi kama wanavyopiga akina mama wa Kinubi kwenye doluka, ngoma yao ya sherehe. Akamwimba Moreen kama anavyoimbwa aliyetangulia: kwamba kazi yake inaonekana, na kazi yenyewe ndiyo hii, imevaa gauni la gomesi. Hakumwita asimame. Aliwaita waliomjua. Walisimama thelathini na zaidi, na saa kumi na dakika kumi sherehe ikaendelea.

Tulidhani baada ya hapo nafasi yake imepona. Machi mkurugenzi wetu, Bwana Guerschom, akamwomba akae siku sita atoe sauti zote za koo lake, mashine ijifunze, ili hata akiondoka abaki. Hajati aliuliza, "Ikishakuwa na sauti yangu, itakuwa inawapigia simu watu?"

"Mama Hajati," akasema mkurugenzi, "mashine haipige simu."

"Basi mnataka koo, masikio mnaniachia. Koo bila masikio ni honi ya lori."

Akakataa. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya kustaafu, kwamba ametimiza miaka sitini. Ni kweli ametimiza. Okwera wa getini ana sitini na saba.

Limebaki jambo moja. Zile kazi 6,240 ziko kwenye diski tatu ndani ya kabati, na mashine haihitaji ridhaa ya mtu ikishalishwa diski. Tarehe 9 Aprili Bwana Guerschom alimwahidi Hajati, mbele yangu, kwamba diski hizo hazitalishwa mashine bila ruhusa yake. Ilikuwa ahadi ya mdomo. Sasa imechapishwa kwenye karatasi hii, nakala mia moja na arobaini, kila mgeni ana yake. Tafadhali msizitupe.

Simu sasa napiga mimi. Dakika arobaini, wakati mwingine hamsini, maana sina ustadi wake na watu hunikatia. Wiki iliyopita mama mmoja wa Ggaba alinisikiliza, akanitajia marehemu wake wawili, kisha akauliza kwa hofu, "Na yule mama alikuwa anatupigia, naye ameenda?" Nikamwambia hapana, yupo, na Jumatatu tutamuaga mzima, akisikia.

Hajati, kwa niaba ya wote uliowaitikia, asante. Kalale usingizi mrefu, kunywa chai bila kuitwa, Mungu akupe siku nyingi zenye afya na watu wa kukupigia simu wewe. Leo orodha ina jina moja, na nimeulizia kwanza.

Hajati Safinah, simama tukuone.

Wangila, fundi wa sauti