Mama Loisi na Kikapu cha Zabibu

Tarehe 30 Juni 1997, saa tisa na nusu alasiri, Bi. Loisi Ndahani atafunga kabati la vielelezo la mahakama yetu kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu aliyefanya naye kazi kwa karibu ili aandike wasifu wake. Wajumbe wote wakanigeukia mimi, huku wakicheka. Msomaji ataona sababu.

Mama Loisi alizaliwa Hombolo mwaka 1942. Aliajiriwa 1963 akiwa mpiga chapa, akapanda kuwa karani, na tangu 1975 amekuwa mtunza vielelezo. Mikononi mwake yamepita mapanga, baiskeli, mabati, madebe ya pombe, na mbuzi mmoja aliyezaa kabla kesi haijaisha. Wengine tulibabaika. Yeye alifungua daftari na kuandika: “Kielelezo B, amezaliwa na Kielelezo A, afya njema.”

Amefanya kazi na mahakimu kumi na mmoja. Mmoja alikuwa akisinzia kortini, mmoja alikuwa akiwahutubia mashahidi hadi wakasahau walichokuja kusema, na mmoja alikula kielelezo. Huyo wa mwisho ndiye mwandishi wa maneno haya.

Ilikuwa mwaka 1988. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, suti ya mtumba iliyonibana kwapani, na jina langu lilikuwa kwenye orodha ya waliokuwa wakifikiriwa kupandishwa kuwa mahakimu wa wilaya. Kule nyumbani Ipagala nilikuwa nikisimama mbele ya kioo kila asubuhi kujizoeza sauti ya kutolea hukumu, mpaka mke wangu akaniomba nimhukumu jogoo niende zangu kazini. Maduka yalikuwa yameanza kujaa bidhaa, na kila mtu alikuwa akisema ruksa. Nadhani neno hilo lilinipanda kichwani.

Siku hiyo mchana polisi walileta kikapu cha zabibu, kilo tatu. Mkulima mmoja, Mzee Nikodemo, alikuwa akimtuhumu jirani yake Petro kwamba amemwibia, na shauri lilipangwa kusomwa kesho yake. Kabati letu lilikuwa na joto la tanuri, kwa hiyo Mama Loisi akakiweka kikapu chini ya meza yangu, kwa kuwa ofisi yangu ndiyo pekee isiyopigwa na jua la mchana. Kitu kinachooza huuzwa mapema kwa amri ya hakimu. Basi akaniachia kikaratasi mezani kuomba amri hiyo.

Nilirudi kutoka kula nikiwa bado na njaa. Kikapu nilikiona mara moja. Kikaratasi sikukisoma, nilikitumia kuwekea mbegu.

Kesho yake Mama Loisi alikipima kikapu mbele ya tarishi, kikawa kilo moja. Shauri likaahirishwa. Kabla ya saa sita ofisi ya juu ilikuwa imekwisha kumwandikia barua ya kujieleza ndani ya siku saba, kwa nini asiondolewe kazini kwa kupoteza kielelezo. Miaka ishirini na mitano ya kazi ilikuwa ikining'inia kwenye vishada viwili vitatu vilivyokuwa tumboni mwangu.

Nami nilinyamaza. Naandika hivyo bila kujipamba. Niliifikiria ile orodha, nikanyamaza. Kabla ya hapo, kila asubuhi nilikuwa nikipita mezani kwake na kumwamkia shikamoo, kama kijana anavyomwamkia mama yake. Asubuhi tano mfululizo niliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kupitia chooni, nikiwa na joho langu mkononi.

Siku ya sita aliniletea chai kama kawaida. Akasimama kidogo. Akasema, “Mheshimiwa, kesho barua yangu inaondoka. Nimeshaandika ninachokijua.” Akatoka taratibu. Nikajua nimekwisha. Mama huyu alikuwa akimwaga mwenyewe takataka za ofisi yangu, na kikaratasi chenye mbegu nilikitupa humo humo.

Basi asubuhi ya siku ya saba nilisimama kortini, nikawaambia watu wote kwamba zabibu nilizila mimi, na kwamba najitoa katika shauri hilo. Sauti niliyojizoeza kwenye kioo haikutoka. Ilitoka nyingine, nyembamba. Mzee Nikodemo akanyoosha mkono akauliza, “Zilikuwa tamu, Mheshimiwa?” Korti nzima iliangua kicheko, Petro mshtakiwa akiwa wa kwanza.

Mbele ya kamati ya nidhamu nilijitetea kwa ustadi mkubwa. Nilisema sikujua kuwa ni kielelezo, nilidhani ni zawadi kutoka kwa wananchi. Mwenyekiti alivua miwani, akaniuliza polepole kama huwa napokea zawadi za wananchi. Niliingia na kosa moja, nikatoka na mawili.

Walimwita Mama Loisi kumuuliza kama nafaa kuendelea na kazi. Alijibu kwamba mahakimu wengine aliofanya nao kazi nao wamewahi kukosea, ila huyu ndiye wa kwanza kusema mwenyewe. Nilipewa onyo kali, jina langu likafutwa kwenye orodha kwa miaka mitatu, nikabaki kazini. Leo mimi ni hakimu wa wilaya, na zabibu nanunua mwenyewe sokoni, mchana kweupe, mbele ya mashahidi.

Kwa miaka tisa nimewasimulia wenzangu kisa hiki kama kisa cha mtu aliyebanwa. Wiki iliyopita, katika makabidhiano ya kabati, daftari la 1988 lilidondosha barua ambayo haikutumwa, kwa kuwa asubuhi ile haikuhitajika tena. Imeandikwa kwa mkono wa Mama Loisi, siku tatu kabla ya kuniletea ile chai. Inasema kosa ni lake kuweka kikapu mahali pasipo kufuli, kwamba aliyekula hakumwona kwa macho yake, na kwamba yuko tayari kuondoka. Jina langu halimo.

Kumbe ningenyamaza tu, ningepanda cheo, naye angerudi Hombolo. Alikuwa ameniachia mlango wazi, akangoja aone nitatokea wapi.

Mama, kwa niaba ya mahakama nzima, ahsante. Kapumzike Hombolo kwa afya na amani, shamba lako lizae, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Kwa niaba yangu mwenyewe, nina asubuhi tano nilizopita mlango wa nyuma. Siku ya sherehe nitaingia kwa mlango wa mbele, nije mpaka ulipoketi.

Shikamoo, mama.