Kipimo cha Moyo na Baba Mkwe Dirishani

Sabato njema, ndugu zangu! Bwana asifiwe! Asifiwe na moyo wangu kwanza, kwa maana unapiga, na ninyi wengine mnifuate!

Kwa wageni, mimi naitwa Kerubo, mke wa Mogaka, natoka kule juu Manga. Wenyeji mnanijua kwa sauti. Kwenye kwaya mwalimu hunipanga nyuma kabisa ili wengine nao wasikike. Nilikuwa mwanamke wa nguvu, na sioni haya kusema. Nilichuma chai, nikabeba kikapu mgongoni mpaka kituo cha kupimia majani, nikirudi nakata ndizi, napika, na jioni naenda mazoezi ya kwaya. Ugonjwa niliuona ni jambo la watu wengine.

Basi homa ikaingia nyumbani kwetu. Ilianza na mume wangu, ikaenda kwa watoto, wakakohoa, wakapona. Mimi ilinishika mwisho na ikakataa kuniachia. Bado nikaendelea kuchuma, kwa sababu majani yalikuwa tayari. Siku moja nikipanda njia ya kurudi nyumbani, pumzi ikakata. Nikaketi kwenye nyasi. Mimi ambaye nikiimba hata ng'ambo ya bonde wanasikia, nilishindwa kumwita jirani! Mume wangu akanipata hapo, akanipandisha boda boda, yeye nyuma akinishikilia, tukateremka mpaka hospitali, Kisii mjini.

Wakanipima, wakasema ni virusi na vimeingia mapafuni. Nikalazwa, nikawekewa oksijeni. Haukupita muda, homa ikashuka. Nikaanza kunywa uji, nikaanza hata kubishana na wenzangu wa vitanda vya jirani. Nikajua nimepona! Nikamwambia daktari aniandalie ruhusa, kwaya inaningoja.

Daktari wetu alikuwa dada mmoja mpole wa kutoka Mombasa, Kiswahili chake kitamu mpaka unatamani akukaripie. Akavuta kiti, akaketi. Ndugu zangu, daktari akiketi, ujue kuna neno.

"Mama," akasema, "homa imeshuka, lakini damu yako yatwambia mengine."

Akanieleza. Kuna kitu kinaitwa troponini. Makao yake ni ndani ya nyama ya moyo. Moyo ukiumia, kinavuja, kinaingia kwenye damu, na wao wanakipima. Changu kilikuwa juu sana. Vile virusi viliona mapafu hayatoshi, vikaenda mpaka moyoni! Na hakunificha. Alisema mgonjwa wa virusi ambaye kipimo hicho kimepanda ndiye wanayemwogopea zaidi, maana hali yake inaweza kugeuka ghafla hata kama yeye mwenyewe anajisikia vizuri. Akaniamuru nisikanyage sakafu. Kula kitandani, kuoga kitandani, haja kitandani, mpaka kipimo kishuke.

Niligeukia ukuta nikalia. Mtoto wangu wa mwisho hajajua hata kufunga vifungo vya shati. Nikawaza ni nani atamfunga.

Sasa sikilizeni mahali adui alipopitia. Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima kati ya mke na baba wa mume wake. Baba mkwe haingii chumba cha mke wa mwanawe. Hamwoni amelala. Akitokea, wewe mke unasimama, unajifunika vizuri, unasalimu kwa mbali. Mama yangu alinifundisha hayo kabla sijaolewa, na tangu niingie boma la Mogaka, mzee hajawahi kunikuta hata nimeegemea ukuta!

Saa ya kuona wagonjwa ikafika. Mimi niko kitandani, nimebandikwa nyaya za mashine ya moyo kifuani. Nikasikia kikohozi mlangoni. Kikohozi kile nakijua, ndicho anachotoa akiwa getini ili tujitayarishe. Mzee alikuwa ametoka Manga kuja kuniona.

Wapendwa, sikufikiri. Kichwa kilikuwa bado kinamkumbuka daktari, lakini miguu ilikuwa tayari iko chini! Nikasimama nitafute leso nijifunike. Mashine ikaanza kulia. Nikaona wodi yote inazunguka, nikaanguka kati ya vitanda viwili, na kitu cha mwisho nilichoona ni mzee akigeuza uso haraka.

Walinirudisha kitandani na oksijeni juu. Damu ikachukuliwa tena. Kipimo kilikuwa kimepanda kuliko mwanzo. Daktari akaniuliza, "Mama, nani alikwambia usimame?" Ningemwambia nini? Mtoto wa Mombasa ataelewaje kwamba ningeona aibu zaidi kulala mbele ya mzee kuliko kufa mbele yake? Nikavuta shuka mpaka usoni. Lakini mama mkwe wangu, aliyekuja na mzee, alikuwa hapo, na yeye hanyamazi.

"Wewe Kerubo!" akanifokea huku machozi yanamtoka. "Unataka tukuzike na hiyo heshima yako?"

Nikamwomba Mungu siku hiyo, na sikuomba maombi marefu. Nilisema, Bwana, mzee akirudi nitasimama tena, najijua. Nikisimama nitakufa. Nishike miguu! Niliogopa pia kwamba mzee ataambiwa ni yeye aliyeniangusha, aone tumemfukuza, na boma letu lipasuke juu yangu. Sikuona mlango wowote.

Mungu akaona dirisha! Wodi yetu ilikuwa ya chini, na madirisha yanatazama ua wenye nyasi. Saa ya wageni ya siku iliyofuata nikasikia kile kikohozi tena, na mwili wangu ukashtuka. Lakini hakikutoka mlangoni. Kilitoka nje, chini ya dirisha langu. Mzee alikuwa amesimama ametupa mgongo, anatazama ukuta wa jikoni, amevua kofia.

"Mokamwana!" akaita. Ndivyo tunavyomwita mke wa mwana. "Usiamke! Mimi baba yako nimesema, usiamke. Hiyo heshima yako nimepokea ukiwa umelala. Chinsoni ni yetu, na mimi leo nakufungulia!"

Halafu mzee yule, ndugu zangu, mzee ambaye magoti yake yanalia akiinama kufunga kiatu, akapiga magoti kwenye nyasi akamwita Nyasae kwa sauti. Alimwambia Mungu, huyu si mke wa mwanangu, huyu ni msichana wangu, usimchukue. Mimi nilikuwa nimejiandaa kupigana na miguu yangu, na miguu ikalegea yenyewe. Nililia mpaka shuka likalowa. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nililala baba mkwe akiwa karibu.

Akawa anakuja kila siku. Anasimama pale pale, mgongo kwetu, anauliza kwa nguvu, "Amelala?" Mama mkwe akawa anamjibu. Kisha wenzangu wa vitanda wakajifunza. Kisha na wauguzi! Mzee akiuliza, "Amelala?" wodi nzima inapaza sauti, "Amelala!" Naye anasema, "Mbuya mono," asanteni sana, anavaa kofia, anarudi Manga. Hata daktari alianza kuchelewesha chai yake ili aitikie.

Na damu ikaanza kusema maneno mengine. Kipimo kikashuka. Wakapima tena, kikashuka tena! Mpaka asubuhi moja yule dada wa Mombasa akaja anacheka kabla hajafika kitandani. Hakuvuta kiti. "Mama," akasema, "troponini yako imerudi mahali pake. Moyo watulia. Haya, kanyaga chini, polepole." Haleluya! Kina mama wa wodi ile walipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza ni nani amejifungua!

Namshukuru Mungu aliyewapa madaktari macho ya kuona ndani ya damu. Ukiambiwa na daktari homa imeisha lakini bado kaa kitandani, kaa! Namshukuru kwa mama mkwe asiyenyamaza. Na wewe uliyekuja leo na mzigo, unajikaza usimame mbele ya watu huku ndani unaanguka, nakuambia Baba yetu wa mbinguni amekuja mpaka dirishani kwako. Hataki ujikaze. Mwamini, pumzika, atakuinua kwa wakati wake.

Tata, baba yangu, najua uko hapo nje mlangoni umegeuka, kwa sababu mimi niko mbele. Nimemaliza, Tata. Uliza swali lako. Na ninyi kanisa, akiuliza, "Amelala?" mjibuni kwa sauti moja asikie: Amesimama!