Kijani cha Mama Koroga

Baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya vyungu, fundi wa rangi, Mama Koroga, anastaafu Ijumaa hii, mwisho wa mwezi. Nimeombwa niandike mimi mchoma tanuri, kwa sababu hakuna anayemjua kunizidi. Mimi nilitakiwa kustaafu kabla yake, nikakataa. Yeye si mbishi, ndiyo maana anaondoka.

Jina hilo nilimpa mimi. Siku yake ya kwanza alikuta ndoo ya rangi imetulia, unga chini, maji juu. Akakoroga mpaka saa ya chai ikampita. Tangu hapo hakuwahi kupita karibu na ndoo bila kuikoroga, hata ile ya kupigia deki.

Enzi hizo tulikuwa na tanuri kubwa. Moto wangu ulikuwa mweupe, hautazamiki, na rangi ziliyeyuka zikang'aa kama kioo. Kisha kuni zikawa adimu, tanuri likabomolewa, tukaletewa dogo lenye moto wa wastani. Rangi zote zikagoma. Zilitoka kavu, zinachubuka kama chokaa ya ukutani. Wengine wakasema basi, tuuze vyungu vitupu. Mama Koroga akasaga chupa, akachanganya na boraksi ili rangi ziyeyuke hata kwa moto mdogo, akajaribu kwenye vigae vidogo, akatupa, akaanza upya. Nyeupe ikarudi. Kahawia ikarudi. Buluu ilimtia homa, lakini nayo ikarudi. Karakana haikufungwa, na sifa ni zake, ukiacha za kwangu.

Kijani tu ndicho kilichokataa. Kilitoka tanurini kizuri, kisha kikombe kikipoa kinaanza kulia ti, ti, ti, kinajaa nyufa nyembamba kama nywele. Tulipovipanga vikombe dukani, bado vinalia, mteja akauliza kama tunafuga mijusi.

Chombo cha kijani cha tanuri kubwa kilibaki kimoja, kikombe changu cha chai. Nilimpa akivunje, aone kwa ndani rangi ilivyoshikana na udongo. Mtu mwingine nisingempa. Akakiosha, akakiweka dirishani kwenye chumba chake cha kazi. Kila mwaka nilimuuliza, na kila mwaka alisema wiki ijayo. Juzi, akifungasha vitu vyake, alikishika kwa muda mrefu, akakirudisha palepale.

"Kaka, kivunjeni ninyi," akasema. "Mimi mkono umekataa."

Inaniuma. Anaondoka na kijani hakijarudi, na jibu lilikaa dirishani miaka yote hiyo, likipigwa jua.

Mama Koroga, asante kwa kila ndoo. Tunakutakia maisha mema, afya, na wajukuu watulivu kuliko rangi zako. Nyundo nimeificha, na atakayekigusa kikombe atanijua mimi ni nani. Siku mkono ukikubali, njoo ukivunje mwenyewe. Usipokubali, njoo ukinywee chai.