Mzee Zuberi na Majirani wa Kapita

Tarehe 31 Desemba 1957 Mzee Zuberi Kasimu anaiaga kazi katika Kituo chetu cha Samaki cha Kilimba, baada ya kutumikia miaka thelathini na miezi kumi. Kwa muda wote huo hakukosa kazini ila siku tatu za mwaka 1955, ambazo nitazieleza zamu yake ikifika. Nikimwita "mwangalizi wa tangi la kioo" naomba radhi kwa wanaotunza madaftari, maana huko bado ameandikwa mtunza bustani. Kituo kilipoachana na pamba kikaanza samaki, mwaka 1948, wakubwa walibadilisha ubao wa njiani, muhuri na rangi ya milango. Daftari la Mzee Zuberi likasahauliwa, kwa hiyo hadi leo mtunza bustani huyu amekuwa akimwagilia samaki.

Alizaliwa Kasongo, katika nyumba ya Waislamu wa mjini, watu wa kanzu safi na maneno machache. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1927 kulima maua mbele ya ofisi. Wakurugenzi wanane wamepita mikononi mwake. Kila mmoja alifika na maua anayoyapenda, akang'oa ya aliyemtangulia, na Mzee Zuberi akapanda, akang'oa, akapanda tena, bila kuuliza. Nadhani hapo ndipo alipojifunza uvumilivu uliomfaa baadaye kwa viumbe wenye mapezi.

Tangi lilijengwa mwaka 1950. Mkurugenzi wa wakati ule alitaka wageni waone samaki bila kulowesha viatu. Fundi Célestin alitengeneza fremu ya mbao ngumu, urefu wa mita mbili na nusu, na vioo sita vikaagizwa kutoka Albertville kwa lori. Vilifika vinne vizima, na kwa bahati vilihitajika vinne. Tangi likawekwa kwenye baraza la ofisi, na Mzee Zuberi, ambaye alikuwa amesimama karibu na ndoo, akapewa kazi hiyo kwa sababu alikuwa amesimama karibu na ndoo.

Mpangaji wa kwanza alitoka Lualaba, ndani ya mgono wa mvuvi mmoja. Ni samaki mnene, urefu wa mkono toka kiwiko hadi ncha za vidole, mwili wa rangi ya machungwa, mistari sita myeusi, mapezi mekundu. Tangu siku ya kwanza alitembea toka pembe hii hadi ile, kifua mbele, akikagua kila jiwe na asifanye kazi yoyote. Wafanyakazi wakamwita Kapita. Kapita wetu wa mabwawa, yaani msimamizi wa vibarua, Bwana Roger, alinuna wiki mbili kwa ajili ya jina hilo, kisha akaanza kumletea mwenzake kumbikumbi.

Wageni wengi huuliza kama Kapita ni mkali. Mzee Zuberi hujibu kila mara kwa maneno yaleyale: "Hapana mukali. Iko tu na wivu ya nyumba yake." Chakula chake ni majani: matembele, mchicha, na kila mmea ambao mkurugenzi yeyote aliupanda ndani ya tangi ili lipendeze. Hata hivyo hawezi kumwona jirani mwenye kitu kinachoning'inia, iwe pezi refu au mkia laini, bila kukijaribu kwa meno. Hamuui mtu kwa hasira. Anamkatakata kwa utulivu, kama karani anayepunguza ombi la likizo.

Kumtafutia majirani ndiyo kazi iliyomletea Mzee Zuberi sifa, ingawa sifa zenyewe zimeandikwa kwa majina mengine katika ripoti. Alianza kwa kukosea, na hakuficha. Alimwekea tilapia dume aliyelingana naye kwa umbo, akidhani wakubwa wawili watapatana. Walipigana hadi changarawe yote ikahamia upande mmoja. Alipomwekea tilapia wadogo, wakatolewa mikia. Ndipo akakaa kitako mbele ya kioo kwa muda wa mwezi mzima, akitazama tu, na mkurugenzi akamwandikia onyo la uvivu.

Baada ya mwezi huo alikuwa na kanuni zake. Jirani wa Kapita asiwe mdogo wa kuonewa, wala asilingane naye kiasi cha kushindana. Asitembee kwenye maji ya katikati, kwa kuwa hayo ni barabara ya Kapita. Awe na chake cha kujilindia. Kwa hiyo chini aliweka ngogo watatu, wale samaki wenye miiba mikali ubavuni ambao hukoroma ukiwashika, na ambao husafisha sakafu kwa kula chochote kilichokufa. Kwenye pembe yenye mawe aliweka samaki mmoja mrefu wa matope, mwenye magamba magumu kama kigae. Kapita alimwonja mara moja, akasikia yale magamba, akaendelea na ukaguzi wake.

Kanuni iliyo kubwa kuliko zote hakuipata kwenye kioo, aliipata nyumbani. Alipomwoa Mama Binti awe mke wa pili, shangazi wa Mama Mwanvua, mke wa kwanza, alikuja siku moja kabla. Akahamisha mafiga, kinu, mtungi, kitanda, hata kamba ya kuanikia nguo, ili bibi harusi atakapoingia wake wote wawili wawe wageni. Mama Mwanvua alitumia siku nne kutafuta chumvi, na ugomvi ukakosa nafasi. Tangu hapo Mzee Zuberi hakuingiza samaki mpya bila kwanza kumshibisha Kapita na kuhamisha mawe yote. Kapita akirudi kwenye ukaguzi hukuta nchi ngeni, na akiwa bado anaitafuta pembe yake, jirani ameshapata ya kwake.

Sasa tufike mwaka 1955, wakati wa mkurugenzi tuliyemwita Bwana Sawasawa, kwa vile kila amri yake iliishia na neno hilo na hakusubiri jibu. Mkubwa mmoja alikuwa anakuja kututembelea kutoka Bukavu. Bwana Sawasawa aliagiza samaki wawili wa Ulaya, wa rangi ya dhahabu, wadogo kama kidole gumba, wenye mikia mirefu na laini kama pazia la sebuleni. Walikuja kwa ndege hadi Kindu, kisha kwa lori, ndani ya chupa, na walipofika walikuwa wamechoka kuliko dereva.

"Bwana, hawa haitawezekana," Mzee Zuberi alimwambia, kofia mkononi. "Mikia yao inaning'inia. Kapita ataikata."

"Kitabu yangu inasema wanaweza kukaa pamoja. Utawaweka leo, sawasawa?"

Aliwaweka. Lakini kabla ya kuwaweka alimlisha Kapita matembele tangu alfajiri hadi tumbo likawa mviringo, akahamisha kila jiwe, na akachomeka chungu chenye mdomo mwembamba ambamo wale wadogo wangeweza kujificha. Mgeni wa Bukavu alikaa saa mbili, na kwa saa mbili hizo tangi lilikuwa picha ya kupendeza. Kapita aliyeshiba alizunguka taratibu, na wale wa dhahabu walipepea juu yake. Mgeni akasema kwamba hivi ndivyo koloni lote lingepaswa kuonekana. Tulipiga makofi.

Gari lilipoondoka, Mzee Zuberi alileta ndoo. "Bwana, acha niwatoe sasa. Kesho iko na njaa tena." Bwana Sawasawa alikataa. Alikuwa ndani akiandika ripoti, isemayo kwamba samaki wa Ulaya na wa hapa wanaishi kwa amani chini ya usimamizi mwema. Ripoti ikaenda Bukavu jioni ileile pamoja na gari la barua.

Asubuhi hapakuwa na samaki wa dhahabu, wala mwiba, wala gamba. Bwana Sawasawa alitafuta kwenye chungu, kwenye ndoo na chini ya meza. Ripoti ilikwisha kusema kwamba samaki hawa hawalani, na ripoti ya mkurugenzi haiwezi kukosea, basi aliyewala lazima awe mtu. Barua ikaandikwa: Zuberi Kasimu ameiba samaki wawili mali ya Kituo na kuwala kwa tamaa ya tumbo. Akasimamishwa kazi.

Hizo ndizo siku zake tatu. Alirudi Kasongo kwa miguu, na habari ilikwisha kumtangulia. Nje ya msikiti kulikuwa na mtu wa kumwuliza, "Zuberi, samaki ya Ulaya iko na ladha gani?" Mzee huyu katika maisha yake hajawahi kubaki hata na mwiko wa kuazima, na sasa watoto wa jirani walikuwa wakimcheka. Mama Mwanvua ameniambia kwamba kwa siku tatu hakutoka uani.

Siku ya nne Bwana Sawasawa alimtumia baiskeli. Hakusukumwa na haki. Kapita alikuwa amegoma kula kwa mkono wa mtu mwingine na alikuwa akipiga kioo kwa kichwa, na kioo cha tano hatuna. Mzee Zuberi alirudi, akashika ndoo, na hakuna aliyesema neno. Barua nayo haikusema neno. Ilibaki kwenye jalada lake.

Mwezi huu, alipoomba cheti cha utumishi mwema, ndipo ile barua ilipopata sauti. Cheti hakitolewi kwa mtu mwenye wizi kwenye jalada. Mzee Zuberi hakuwahi kuomba kitu kingine hapa. Alitaka kukitundika barazani kwake Kasongo, mahali ambapo wale wa msikitini watakisoma wakipita. Nilikwenda kwa mkurugenzi wetu wa sasa kumwombea ile barua itolewe. Ni mtu mwema. Alinieleza kwa upole kwamba karatasi ikishaingia kwenye jalada haitoki.

"Na kuongeza, Bwana?"

"Kuongeza iko ruhusa. Hata kesho."

Hapa inabidi msomaji anijue. Mimi ni Placide Mukonga, karani wa mashine ya kuandika. Meza yangu iko dirishani, na dirisha linatazama tangi. Asubuhi ile ya 1955 nilifika kwanza kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nikitaka kuonekana mwenye bidii. Nilimwona Kapita akimmalizia wa pili mkia. Wa kwanza alikuwa tayari sakafuni, na ngogo watatu walikuwa juu yake, wakisafisha kama walivyofundishwa na Mungu. Katika muda wa kuingiza karatasi kwenye mashine na kunyoosha pembe zake, hapakubaki kitu.

Saa mbili baadaye Bwana Sawasawa alinisomea ile barua niipige. Niliipiga. Sikukosea hata herufi moja, na nikasifiwa. Wakati ule nilikuwa nimeomba kadi ya watu walioendelea, ile ambayo serikali huwapa Waafrika wachache, na mkurugenzi ndiye aliyepaswa kunitilia sahihi. Niliipata kadi. Ninayo mfukoni ninapoandika haya, na sijaipenda hata siku moja.

Wiki iliyopita nilimwendea Mzee Zuberi pale kwenye tangi, nikamwambia niliyoyaona. Aliendelea kukatakata matembele.

"Nilijua, mutoto yangu," akasema. "Meza yako inaangalia huku. Nilikuwa ninangoja tu."

"Miaka miwili, Papa?"

"Sasa nifanye nini? Wewe haukuwa bado tayari kuhamishiwa mawe."

Kisha akanionyesha jinsi ya kukata majani, membamba, na jinsi ya kuingiza mkono kwa upande wa kulia bila haraka. Mwaka mpya ukianza, mimi ndiye nitakayemlisha Kapita kabla ya kukaa kwenye mashine. Ameniagiza nihamishe mawe yote siku ya kwanza, ili samaki huyo asiamke akanikuta mimi mahali pa mwenyewe. Nimeahidi. Vidole vyangu vinaogopa kidogo.

Mkurugenzi hutia sahihi kila kinachochapwa katika gazeti letu dogo. Jana nilimpelekea kurasa hizi. Akazipima kwa mkono, akauliza, "Iko nini ndani?" Nikasema, "Iko shukrani, Bwana." Sikusema uongo. Akatia sahihi, tarehe na muhuri, ule muhuri mpya wenye samaki.

Basi, Mzee Zuberi, wafanyakazi wote wa Kilimba wanakushukuru kwa miaka thelathini na miezi kumi, kwa maua uliyopanda na kung'oa, na kwa majirani uliowapatanisha ndani ya maji, mahali pagumu kupatanisha. Uishi vizuri Kasongo na Mama Mwanvua na Mama Binti, afya ikukae mwilini, na kila mtu aliye uani ajue chumvi ilipo. Cheti bado sijakupatia, ila kuhusu hilo sijanyamaza tena. Nakala mbili za karatasi hizi zimepigwa. Moja utaitundika barazani. Nyingine, yenye sahihi na muhuri, nimeiweka leo asubuhi kwa mkono wangu kwenye jalada lako, juu ya ile barua.