Mpira wa Mzee Tito Uliobaki Makaburini Mvungunya

Huyu tunayemrudisha udongoni leo hapa Visiga, Mzee Tito Elinipa Mshana, alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1956 katika kijiji cha Kifula, Ugweno, ambako siku hizi ni Wilaya ya Mwanga. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Elinipa Mshana na Bibi Nakijwa. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alizaliwa mvua ikinyesha, akatoka amekunja ngumi, na mkunga alipojaribu kuikunjua akashindwa. "Huyu hataachia kitu," mkunga alisema, na waliokuwepo wakacheka.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Hakuendelea. Baba yake alikuwa ameshafariki na nafasi za sekondari zilikuwa za kuhesabu. Alishuka Moshi kujifunza ufundi wa mitambo kwa fundi mmoja aliyekuwa na tabia ya kupiga kwanza na kueleza baadaye. Mzee Tito alisema kwa fundi yule alijifunza mambo mawili, kufunga nati na kunyamaza. La kwanza lilimlisha. La pili hakulipenda hata siku moja.

Mwaka 1978 alikuja Mkoa wa Pwani, akaajiriwa kwenye mitambo ya kusukuma maji Ruvu, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipostaafu mwaka 2016. Ni hapo Ruvu ndipo mchezo wa gofu ulipomkamata. Mafundi wa kigeni waliokuja kufunga pampu walikuwa wakipiga mipira jioni kuelekea mtoni, na walipoondoka walimwachia fimbo nne ndani ya mfuko uliotoboka. Wenzake walimsimanga.

"Tito, hiyo ni fimbo ya kuchungia nini?"

"Ya kuchungia akili," aliwajibu. "Nyie zenu zimeshapotelea porini."

Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa Mlandizi na Marselina Anselmi, binti wa mkulima wa Janga. Siku ya kujitambulisha kwa wakwe alitokea kazini moja kwa moja, na mkononi alikuwa na fimbo moja ya gofu. Baba mkwe alipoiona alisimama mlangoni akauliza, "Kijana, umekuja kuoa au umekuja kugombana?" Mzee Tito akamwamkia, akaiegemeza fimbo ukutani, akasema, "Nimekuja kuoa, baba, lakini sijui mtanipokeaje." Alipokewa vizuri. Mungu aliwajalia watoto watatu, Elinipa, Wilfred na Wema, na mwaka 1994 wakahamia Visiga kwenye nyumba waliyoijenga wenyewe, hii ambamo watu wamelala msiba siku zote hizi.

Haiwezekani kueleza maisha ya Mzee Tito bila kumtaja Mzee Salehe Abeid. Salehe alikuwa dereva wa lori pale pale Ruvu, mwenyeji wa Kisarawe, na kwa zaidi ya miaka thelathini watu hawakuwatenganisha. Mmoja akiugua, mwingine ndiye aliyeulizwa hali yake. Salehe ndiye aliyempeleka Mzee Tito kwenye uwanja wa Mvungunya kwa mara ya kwanza.

Uwanja wa Mvungunya uko kwao Salehe, upande wa milimani, na ni uwanja wa watu wote. Hauna ukuta wala geti. Mwenye fimbo anapiga, mwenye mzigo wa kuni anakatiza, wanapishana kwa salamu. Una mashimo tisa, na hakuna hata moja linalomwonea mtu huruma. La kwanza linapanda mlima kabla mwili haujapata joto. La tatu limezungukwa na mikorosho, na mpira ukiingia humo majani makavu yanauficha kama mali ya wizi. Zile nyasi laini za kwenye picha hakuna. Kuzunguka kila shimo kuna mchanga uliochanganywa na oili chafu, na ukimaliza unausawazisha kwa reki ili anayekuja nyuma akute njia safi. Shimo la sita ndilo baba yao. Unapiga kuvuka korongo, upepo unausukuma mpira kulia, na huko kulia, chini ya mti wa mvungunya, kuna makaburi ya ukoo wa Salehe, likiwemo la bibi yake, Bibi Mwanaasha.

Wazee wa ukoo walipokubali ardhi ile ichezewe, walitoa sharti moja. Mpira ukiangukia makaburini haupigwi, kwa kuwa huwezi kupiga fimbo juu ya kifua cha mtu. Aliyeupeleka atavua kofia na viatu, atasema, "Hodi, wenyewe," atauokota kwa mkono, arudi nao nyuma, auweke nje ya makaburi, aendelee. Haongezewi pigo la adhabu, maana kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Sharti hilo halikuandikwa popote, lilikaa vinywani mwa watu. Mzee Tito alifundishwa na Salehe mwenyewe.

"Bibi yangu alipenda wageni," Salehe alimwambia. "Hawezi kukutoza faini kwa kumtembelea."

"Na akiniita kila Jumamosi?"

"Ujue amekupenda. Ila wewe Mpare, mpira wako hata ukiangukia ahera utaufuata."

Walicheka, na kwa miaka mingi walicheza hivyo. Mzee Tito hakuwa na ndugu hata mmoja aliyezikwa pale. Hata hivyo hakuwahi kupita shimo la sita bila kugusa kofia yake, mpira uwe umekwenda kulia au haujakwenda.

Jumamosi ya tarehe 17 Agosti 2019 Mvungunya palifanyika mashindano ya kombe, na kwa mara ya kwanza walialikwa wachezaji kutoka mjini. Walikuja na viatu vya misumari na mwamuzi wao, kijana mmoja mwenye miwani ya jua. Mpaka wanamaliza shimo la tano, Mzee Tito alikuwa akiongoza kwa pigo moja. Wa pili alikuwa Salehe. Kwenye la sita Mzee Tito alivuka korongo vizuri kabisa, upepo ukauchukua mpira, ukamwangukia Bibi Mwanaasha miguuni. Akavua kofia, akavua viatu, akabisha hodi, akauokota.

"Mzee, umeshika mpira kwa mkono, hairuhusiwi!" mwamuzi alipiga kelele.

"Nimeuokota makaburini, mwanangu."

"Makaburi gani? Kwenye sheria za gofu hakuna makaburi."

Mzee Tito hakushtuka. Alicheka, akanyoosha kidole. "Muulize huyo, ndiye mwenye makaburi. Salehe, hebu mweleze kijana sharti lenu."

Watu wote wakageuka. Salehe alikuwa anaifuta fimbo yake kwa kitambaa, na aliendelea kuifuta.

"Mimi sikuona," alisema.

Aliulizwa habari ya sharti, akajibu habari ya macho. Wenyeji wengine walitazama chini, kila mmoja akimngoja mwenye ukoo aseme, na mwenye ukoo akawa ameshasema. Mzee Tito aliondolewa mashindanoni mbele ya watu, akiwa peku, viatu vyake bado viko kando ya makaburi. Mmoja wa wageni alisema kwa sauti, "Hata wazee wanaiba siku hizi." Kombe alipewa Salehe, na mpaka leo liko sebuleni kwake.

Wapo wanaosema Salehe aliona haya, wageni wasije wakamwona mshamba anayepiga hodi kwa wafu. Wapo wanaosema ni kombe. Mzee Tito alisema sababu ni za Salehe, yeye analolijua ni kwamba siku ile aliheshimu wafu wasio wake, na mwenye wafu akamkana.

Jina lilimtangulia kufika Visiga. Wakaanza kumwita Mzee Mkono. Kwenye msiba wa jirani mwaka ule ule alipoinuka kusaidia kugawa chakula, mtu mmoja akasema, "Mzee Mkono asikae karibu na nyama jamani," na watu wakaangua kicheko. Na yeye alicheka. Kisha akaweka upawa chini, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakugawa tena chakula kwenye shughuli ya mtu. Wengi mliocheka mpo hapa, na hamkuwa na nia mbaya. Yeye alijua hivyo, na kujua hakukumsaidia.

Mkewe alijaribu kumtuliza. "Baba Elinipa, ni mpira tu."

"Mpira ni mpira, Mama Elinipa. Jina langu si mpira."

Hakwenda tena Mvungunya. Salehe alikuja kumwona kwenye sikukuu, wakazungumza habari za mvua na za watoto. Kila alipokuja, Mzee Tito alivaa shati la kutokea, akakaa akimtazama mdomo. Kila alipoondoka, alilivua lile shati kabla hata mgeni hajafika barabarani.

Tarehe 9 Mei 2023 alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalala. Alitibiwa, akafanya mazoezi, akarudi kutembea kwa mkongojo. Familia inawashukuru wote waliomhudumia. Mwezi wa pili mwaka huu hali ilibadilika, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutambua. Aliomba kitu kimoja tu, apelekwe Mvungunya.

Jumamosi, tarehe 22 Februari 2025, Wilfred aliazima gari la jirani, wakaenda. Wema alibeba mfuko wa fimbo. Mzee Tito alikataa kupelekwa moja kwa moja anakotaka, akasema shimo la sita halifikiwi bila la kwanza. Alipiga kwa mkono mmoja. Mpira ulikuwa unakwenda hatua chache, anausogelea, anapumzika, anaupiga tena. Kwenye mikorosho walikaa muda mrefu wakifukua majani mpaka wakauona. Kila shimo alisimama hadi mchanga ulipopigwa reki, ingawa nyuma yao hakukuwa na mtu anayekuja. Kwenye korongo la shimo la sita mipira miwili ilitumbukia. Wa tatu aliupiga kwa nguvu zote zilizobaki, ukavuka, upepo ukauchukua, ukaelekea kulia.

"Bibi ananiita," alisema, akacheka. Wanawe hawakuwa wamemsikia akicheka hivyo kwa miaka.

Wema alimvua viatu. Yeye akavua kofia, akasema, "Hodi, wenyewe." Mpira ulikuwa kichwani kwa Bibi Mwanaasha, katikati ya mawe mawili. Wema akainama kuuokota.

"Usiguse."

"Baba, si ndivyo walivyokufundisha?"

"Ndivyo. Basi mwenye sharti aje aushike. Mimi nilishashika mara moja."

Akavaa kofia yake, wakarudi. La saba, la nane na la tisa hakuyacheza.

Jumapili ya wiki iliyofuata, tarehe 2 Machi, Salehe alifika Visiga na mihogo kwenye kiroba. Aliketi karibu na kitanda, akaletewa chai. Nyumba yetu ni ndogo, na walioko jikoni husikia.

"Salehe, mpira wangu uko kwa bibi yako."

"Nimesikia."

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Afadhali. Leo umeona."

Salehe akasema, "Tito, hayo mambo ya zamani. Sisi tumeshakuwa watu wazima."

"Hata siku ile tulikuwa watu wazima."

"Ugua pole, ndugu yangu."

"Bado nipo, Salehe. Sema nikiwa nasikia."

Salehe alisimama, akamuaga shemeji yake, akaondoka. Chai aliiacha, ikafanya utando. Mzee Tito aliomba kikombe kisiondolewe. Kilikaa pale mpaka asubuhi, kisha akasema, "Kamwageni."

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia, ule uliokuwa mzima. Alikuwa na miaka 68.

Ameacha mjane, Marselina, watoto watatu, Elinipa, Wilfred na Wema, wajukuu watano, na dada mmoja aliyeko Ugweno, ambaye safari imemshinda. Ameacha fimbo nne na mfuko wake. Ameacha pia mpira mmoja, na haukuletwa nyumbani.

Kama ilivyo desturi yetu, familia inamwombea radhi kwa kila aliyemkosea. Alikuwa mkali wa maneno, na mtu akichelewa alimsema mbele za watu. Alikopesha vifaa kwa masharti mengi kuliko vifaa vyenyewe. Kwa hayo, msameheni. Lakini kwa lile la shimo la sita familia haimwombei radhi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikataza. "Mkiniombea msamaha kwa hilo," alimwambia mkewe, "mtakuwa mmekubali."

Hivi punde kila mmoja atachukua udongo kwa mkono wake autupe kaburini. Kwenye ratiba, upande wa marafiki, jina la Mzee Salehe Abeid limewekwa la kwanza. Marehemu alitaka hivyo, na tumemtii. Akifika hapa ukingoni, lile neno alilolimeza Mvungunya si refu, linasemeka kwa pumzi moja, na waliocheka wote wapo kulisikia. Akiona halisemeki, atupe udongo wake aende salama. Mpira ataukuta kwa bibi yake.

Mzee Tito, wewe ulipiga hodi kila mahali ulipoingia. Huko unakobisha sasa, Mungu akufungulie, na akupe ile amani uliyoikosa kwa mtu mmoja kunyamaza.